Sato hachinjwi

Ukitaka kujua kama kikundi cha wanafunzi wa dini mbalimbali kitafika muhula wa pili, usiulize wanazungumza nini. Uliza wanakula nini, wanakutana saa ngapi, na ufunguo wa chumba anao nani. Vikundi vingi vya namna hii kwenye vyuo vya Mwanza, kuanzia Malimbe hadi kilima cha Bugando, havivunjikii kwenye Utatu wala kwenye utume wa Muhammad. Vinavunjikia kwenye sufuria ya pilau.

Tuanze basi na sufuria. Kanda ya Ziwa suala la nani achinje si la mzaha. Februari 2013 mzozo huo ulifika Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Wanafunzi wa leo walikuwa watoto wakati ule, lakini wazazi wao wanakumbuka, na ukipika nyama kwenye shughuli ya pamoja bila kusema imetoka wapi, kuna watakaokaa mbali na sahani wakitabasamu. Mwislamu anataka kujua aliyechinja ni nani. Baadhi ya walokole, kwa upande wao, hawali kilichochinjwa kwa dua ya Kiislamu. Kuku wa aina mbili katika masufuria mawili ni suluhisho la harakaharaka, na lina aibu yake: umeita watu wakae pamoja, kisha umewapanga foleni mbili.

Ziwa limeshatoa jibu. Samaki hachinjwi kisheria kwa Mwislamu, hivyo hakuna wa kuulizwa. Mkatoliki anayejinyima nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima anakula samaki bila wasiwasi. Msabato anafuata Walawi 11, samaki awe na mapezi na magamba. Sato anavyo, sangara anavyo. Kambale ndiye wa kuepuka, kwa sababu hana magamba, na hili husahaulika mno kwa kuwa mnunuzi akiona bei imepanda anakimbilia kambale wa kukaushwa. Mwalo wa wavuvi una samaki wengi, chagua sato.

Kwa watu 40 nunua sato wadogo wa gramu 300 hadi 400, mmoja kwa kila mtu, yaani kilo 14 hivi kabla ya kuparuliwa. Unga wa ugali kilo 8, au mchele kilo 6 kama wengi wanatoka hosteli na wamechoka na ugali. Mboga ziwe nyingi kuliko unavyodhani, maana katika kila kundi wapo Wasabato wawili watatu wasiokula nyama kabisa, na samaki pia hawali. Sato kaanga kwenye mafuta mapya. Mafuta ya mama lishe yanayotumika wiki nzima huwezi kujua yamepitiwa na nini, na penye banda la kitimoto jirani usishangae ukiulizwa. Karai na mwiko visiazimwe huko pia. Kinywaji kiwe chai ya mchaichai au tangawizi tupu. Majani ya chai Msabato mwenye msimamo hayanywi, na soda peke yake inamaliza bajeti.

Asubuhi ya siku hiyo mpishi aandike kwenye karatasi moja kila kilichoingia jikoni, aibandike mlangoni. Inaonekana jambo dogo. Lakini mtu akisoma mwenyewe “sato, mafuta ya alizeti, nyanya, kitunguu, chumvi, ndimu”, haulizi tena, na asiyeuliza hajifanyi mgeni.

Cha pili ni saa, na hapa wengi wanakosea kwa sababu wanapanga kwa kuangalia ratiba ya vipindi peke yake. Weka mezani wiki nzima. Ijumaa mchana kuna swala ya Ijumaa, kwenye saa 7. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na haitoki mpaka jua la Jumamosi lizame. Jumapili asubuhi ni ya makanisa, na mchana kwaya zinafanya mazoezi. Jumatano jioni makanisa mengi yana ibada ya katikati ya wiki. Alhamisi usiku ni wa kuamkia Ijumaa, wapo wenye visomo vyao. Zinabaki Jumatatu na Jumanne, na Jumatatu watu bado hawajapata akili. Jumanne basi.

Ndani ya Jumanne yenyewe dirisha ni jembamba. Alasiri Mwanza huingia kati ya saa 9:40 na saa 10:25 hivi kutegemea mwezi. Jua huzama mapema kabisa saa 12:38 hivi, mwezi wa Novemba, na huchelewa hadi saa 1:08 hivi, mwezi wa Februari. Kikao kikianza saa 10:45 kikaisha saa 12:15, waliotoka kuswali alasiri wamefika, na wanaowahi magharibi wana muda wa kutawadha mwaka mzima bila kubadilisha ratiba. Dakika 90, hakuna nyongeza. Mwenyekiti anayesema “tumalizie hoja hii moja” huku upande mmoja unaangalia saa anajenga kinyongo kisichosemwa.

Hapo hapo pana kosa linalojirudia kila Ramadhani, hasa kikundi kinapoandaa futari ya pamoja na waandaaji ni Wakristo wenye nia njema. Wanawasha redio, adhana ya magharibi inasikika, wanagawa tende. Adhana hiyo ni ya Dar es Salaam. Mwanza iko magharibi zaidi kwa zaidi ya nyuzi sita, na jua la huku linazama takriban dakika 25 baada ya la Dar. Mfungaji akila kwa redio ile amefungua mchana, na siku ile anailipa. Tumia ratiba ya msikiti wa jirani, na anayetoa ishara ya kufuturu awe Mwislamu aliyefunga.

Kwa futari ya watu 40 kilo moja na nusu ya tende inatosha, tatu tatu kwa kila mmoja na ziada kidogo. Maji ya kawaida, si ya baridi kali. Uji wa ulezi au wa mchele, viazi vitamu, mihogo, magimbi. Wenyeji wa Usukumani wakileta matobolwa yapokelewe, maana hapo mazungumzo huanza yenyewe bila mada. Kisha acha dakika 15 za swala kabla ya chakula kizito. Asiyeswali akae, asianze kula ubwabwa. Mahali pa swala paandaliwe kabla, mikeka imetandikwa, kibla kimeulizwa. Kutoka Mwanza Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo tu, na wageni waliotoka mbali hukosea wakidhani ni upande uleule waliouzoea kwao.

Kwaresima na Ramadhani zinapokutana mambo huwa matamu zaidi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka na kukutana na Kwaresima kwa miaka kadhaa, kisha zinaachana kwa muda mrefu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla. Miaka ya namna hiyo usitafute mada ya kikao. Swali “wewe ukifunga unaacha nini, na unafungua vipi?” linachukua Jumanne mbili.

Sasa watu. Chuo chochote kikubwa kina TMCS ya Wakatoliki, USCF ya makanisa yaliyo chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), TAFES ya wainjilisti, CASFETA ya wana-TAG (Tanzania Assemblies of God), TUCASA ya Wasabato, na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Mwandaaji mgeni anaandika barua sita: “kila kikundi kilete wawakilishi watatu.” Inaonekana haki tupu. Siku ya kikao wamekaa Wakristo 15 na Waislamu watatu, na Waislamu hao watatu hawarudi tena. Hawajatukanwa. Wamehesabu tu.

Duara linalofanya kazi ni la watu 12: Waislamu watano, Wakristo sita kutoka angalau madhehebu manne, na kiti kimoja kwa asiye upande wowote. Kiti hicho si pambo. Wapo wanafunzi ambao nyumbani kwao mambo ya mizimu ya ukoo bado yana uzito kuliko jina la ubatizo walilonalo kwenye cheti, na hawasemi kwa sababu chuoni kila mtu anadhaniwa ni wa msikiti au wa kanisa. Anayejua watu wanavyocheza Bulabo kule Bujora, sikukuu ya Wasukuma iliyofungamana na Ekaristi, vikundi vya Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma, na ushindani huo ukiwa na historia ndefu ya dawa, anajua mpaka kati ya dini hizi haupiti mahali wanapoudhani watu. Wakizidi 12 gawa duara mara mbili. Watu 20 katika duara moja, wanazungumza sita, wengine wanachati.

Wala usiwachukulie Waislamu kama kitu kimoja. Kijana wa tariqa, yaani njia ya Kisufi, anayesoma maulidi na kijana wa Ansar Sunna anayesema maulidi ni bidaa, uzushi katika dini, wana yao ya kuzungumza, na Mkatoliki anayedhani ameelewa Uislamu kwa kumsikiliza mmoja wao amesikia nusu. Hali ni ileile upande wa pili, Mpentekoste akiulizwa kuhusu rozari.

Usianze na hesabu ya nani wengi. Sensa ya mwisho kuuliza dini nchini ilikuwa ya 1967. Anayetaja asilimia za leo kwa uhakika anataja makisio, na mabishano ya makisio hayana mwisho.

Tatizo kubwa la mazungumzo yenyewe ni kwamba vijana wanakuja wamelelewa kwenye mihadhara. Nchi hii ina mazoea ya miaka mingi ya mihadhara ya kulinganisha dini: jukwaa, spika, mhadhiri anayeshika Biblia akitaja sura na aya kwa kasi, umati unaoshangilia. Na upande wa pili mikutano ya injili ya viwanjani ina spika zake. Kijana akisikia “tuzungumze dini” anajua namna moja tu, na namna hiyo ina mshindi. Ukimweka kwenye duara bila kumwambia kanuni atafanya alichozoea, na atakifanya vizuri.

Kanuni zisizidi tatu, zisomwe kila kikao, hata kama wamezichoka. Ya kwanza: kila mtu anaeleza kitabu chake, hakuna anayeeleza cha mwenzake. Ya pili: swali linaanza na “ninyi mnaelewaje”, haliruhusiwi kuanza na “kwa nini ninyi”. Ya tatu: lililosemwa ndani halitoki na jina la mtu. Kanuni ya tatu ndiyo inayovunjwa zaidi, na inavunjwa kwa simu. Mtu anapiga picha ya dada mwenye hijabu akishika Biblia, anaiweka status na maneno ya furaha, na ifikapo usiku shangazi wa yule dada ameiona huko Sengerema. Picha zipigwe mwisho, za wanaotaka, na Biblia na Kurani zikiwa zimewekwa kando.

Maandiko ya kuanza nayo yasiwe yanayogombewa. Usianze na kusulubiwa. Kwa hilo mko mbali na mtabaki mbali. Anza na Zakaria. Luka 1 aya ya 5 hadi 25 kwa upande mmoja, sura ya Maryam aya ya 2 hadi 11 kwa upande wa pili, na ongeza Aali Imran aya ya 38 hadi 41. Mzee hana mtoto, mkewe tasa, anaomba, anapewa habari ya mwana, anauliza itakuwaje, ananyamazishwa. Wote wanaijua, na kila mmoja anadhani mwenzake haijui.

Kisha mambo yanaanza kuonekana. Katika Luka kunyamazishwa ni kwa sababu hakusadiki, na kunadumu mpaka mtoto azaliwe na apewe jina. Katika Maryam ni alama aliyoiomba mwenyewe, usiku tatu, naye ni mzima hana ugonjwa. Aali Imran inasema siku tatu, ila kwa ishara. Na Luka naye anamwonyesha akiwaashiria watu nje ya hekalu. Duara likifika hapo, acha likae. Je, kimya kile ni adhabu au zawadi? Mkristo anagundua hajawahi kuuliza, Mwislamu naye anajikuta anatetea jibu ambalo hajawahi kulifikiria. Hakuna aliyeshindwa, na dakika 25 zimekwisha.

Mgawo wa dakika 90 uwe hivi: 5 za salamu na kanuni, 15 za kusoma kwa sauti maandiko yote, 25 za Luka wakiongoza Wakristo, 25 za Maryam wakiongoza Waislamu, 15 za maswali, 5 za kufunga. Wiki inayofuata anayeongoza kwanza abadilike. Baada ya Zakaria nenda kwa Yusufu: kanzu iliyochanwa kwa nyuma katika sura ya 12, vazi lililobaki mkononi mwa mwanamke katika Mwanzo 39. Hiyo wanafunzi wa sheria huipenda sana. Ni kesi ya ushahidi.

Karatasi nazo zina adabu yake. Chapisha tafsiri ya Kiswahili tu, usitoe kopi ya msahafu wenye Kiarabu, kwa sababu kopi huanguka chini, hukalishwa kikombe, hubaki darasani na kufagiliwa na mhudumu. Kwa Mwislamu kuona aya kwenye pipa la taka si jambo la kusahaulika. Hesabu karatasi ulizogawa, 12, kisha zihesabiwe 12 zinaporudi.

Salamu za kufungulia zimeshakuwa kichekesho cha kitaifa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, shalom, na kiongozi hajafika kwenye ajenda. Kwenye duara “habari za jioni” inatosha. Kuitana kwa heshima kuendelee kama kawaida, ustadhi, mtumishi, dada, kaka. Hayo hayana ubaya na yanatuliza. Sala ya pamoja iachwe. Wapo wasioweza kusema amina kwa maneno ya mwenzao, na wana sababu. Dakika moja ya kimya, kila mtu na Mola wake, haijawahi kugombanisha mtu.

Kama kikundi kinataka tendo badala ya maneno, kuna Igoma. Huko wamezikwa wengi wa waliokufa MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, Waislamu na Wakristo mahali pamoja, wengine bila kutambuliwa majina. Kwenda kufyeka majani na kusafisha kabla ya tarehe hiyo ni kazi ya nusu siku kwa watu 15 wenye mafyekeo matano, reki tatu na glavu. Omba ruhusa mapema kwa wanaosimamia eneo. Kosa la kuepuka liko mwisho wa kazi, kiongozi anaposema “tuwaombee marehemu”. Mkatoliki anaomba, Mwislamu anaomba dua, lakini Msabato na walokole wengi hawawaombei wafu; kwa Msabato waliolala wamelala mpaka ufufuo. Badala yake tangaza kuwaombea wafiwa. Kila mtu anaweza hilo. Anayetaka kuongeza lake kwa marehemu anaongeza kimoyomoyo.

Ruhusa ya chuo inapitia kwa mshauri wa wanafunzi. Barua ya ukurasa mmoja iseme siku, saa, chumba, idadi, na majina ya walezi wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, walimu wa hapohapo. Penye chuo cha kanisa mpelekee nakala padre mlezi kabla hajasikia kwa wengine, na imamu wa msikiti wanaoswali wanafunzi naye apate yake siku hiyohiyo. Ikitangulia moja kwa wiki, nyingine inasomwa kama taarifa, si ombi. Atakayeuliza sheria inasemaje, Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani yake na wa kuibadilisha.

Hilo la kubadilisha litakuja. Muhula mmoja mtu atasilimu, au atabatizwa, na upande uliompoteza utasema kikundi kilikuwa mtego. Lisiposemwa mapema linaua kikundi kwa wiki moja. Lisemwe kikao cha kwanza kabisa: kikundi hakiandai mtu kubadili dini na hakimzuii, na aliyebadili hatatoa ushuhuda wa jambo hilo ndani ya duara kwa muhula mzima. Walokole wanaona ni kali, kwa kuwa ushuhuda kwao ni uhai. Ni kali kweli, na ibaki hivyo.

La uchumba ni gumu kuliko hilo, na mara nyingi ndilo linaloulizwa wakati wa kuosha vyombo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali kwa watu wa dini tofauti. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, hairuhusu Mwislamu mwanamke kuolewa na asiye Mwislamu, na Mkatoliki anayeoa asiyebatizwa anahitaji ruhusa ya askofu. Mwambie anayeuliza hayo matatu, kisha mwelekeze kwa wazee wake. Duara si mahali pa kuamua ndoa ya mtu.

Fedha: mchango mdogo uleule kwa kila mtu, na mweka hazina wawili wa dini mbili wanaosaini pamoja. Mwanasiasa anayetaka kufadhili futari mwaka wa uchaguzi ashukuriwe na akataliwe.

Viongozi wengi wanakaa chuoni miaka mitatu, na wa mwaka wa tatu hana akili ya kikundi, ana akili ya mradi wa utafiti wake. Chagua viongozi wa mwaka wa pili, kila mmoja na msaidizi wa mwaka wa kwanza wa dini nyingine. Daftari la kukabidhiana liwe na vitu vichache: ratiba ya swala ya mwaka, tarehe za Kwaresima na Ramadhani zijazo, nani anauza sato wazuri mwaloni, nani ana ufunguo, maandiko gani yalisomwa na yapi yalileta moto. Likabidhiwe wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho. Ukisubiri mitihani iishe, mwenye daftari utamkuta stendi ya Nyegezi, mguu mmoja ndani ya basi, na daftari liko chini ya begi kwenye buti.